Sindano za Mchana

Tororo, 29 Agosti 1976

“Sindano ni chakula kinachopita mlango wa nyuma. Anayechomwa mchana amefungua, na Zubairi ni mtu wa dini, hatakubali.”

Hayo aliyasema Sheikh Badiru jana baada ya alasiri, uani mwa msikiti, mbele ya wazee wa kamati. Mimi nilikuwa langoni, mahali tunapowekwa wanawake tukiwa na swali.

Basi tuanze hapo. Kama sindano ni chakula, Sheikh atuonyeshe mtu mmoja aliyewahi kushiba penisilini. Wodi imejaa watu wanaochomwa kila siku, na wote wanalia njaa, maana tangu mafuta ya magari yaadimike hata posho haifiki hospitalini. Chakula kinaondoa njaa, maji yanaondoa kiu. Penisilini haiondoi chochote ila bakteria. Na hata ingekuwa pilau, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye. Ruhusa hiyo sikuitunga mimi. Aliitoa Yeye aliyefaradhisha saumu, katika amri ile ile, na Sheikh huyu huyu huisoma kwa sauti nzuri kila mwandamo wa mwezi wa Ramadhani. Anaisoma, kisha anaikunja na kuiweka mfukoni.

Naandika katika daftari kwa sababu gazeti lililokuwa likichapa makala zangu limefungwa, na mhariri wake yuko Nairobi au yuko chini ya ardhi. Shule niliyofundisha walinifukuza kwa sababu ya makala hizo hizo. Siku moja mtu atasoma haya, kwa hiyo nitayaeleza kwa utaratibu.

Zubairi ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, akibeba saruji kwenda na mahindi kurudi. Mwezi wa nne wanajeshi walimsimamisha kwenye kizuizi, wakataka lori, akauliza karatasi iko wapi, wakamjibu kwa kitako cha bunduki kwenye taya. Lori likaenda. Jino lililovunjika likabaki, likaoza, akang’olewa na mtu wa Osukuru anayeng’oa kwa koleo. Baada ya hapo homa. Miezi miwili tulimmezesha klorokwini tukidhani ni malaria.

Daktari Oboth ndiye aliyeweka kipimo kifuani na kusikia. Utotoni Zubairi aliugua homa ya viungo, ikamwachia kovu kwenye vali ya moyo, kile kilango kinachofunga na kufungua damu ipite. Bakteria wa jino walisafiri katika damu, wakakuta kovu, wakatua. Sasa wamejenga kichuguu juu ya kilango. Daktari alituchorea kwa kalamu, akasema: penisilini kila baada ya saa sita, mchana na usiku, kwa wiki nyingi, damu isikae bila dawa hata kidogo. Kichuguu hicho ni laini. Kipande kikikatika kitakwenda kunakokwenda damu, na kikipanda kichwani ni kiharusi.

Hospitali haikuwa na penisilini. Egesa alileta sanduku zima kutoka upande wa Kenya. Egesa ni Msamia wa Busia, mchuuzi wa samaki, rafiki wa Zubairi tangu enzi za lori. Alivuka kwa njia za panya na chupa za dawa chini ya samaki wa kukaushwa, katika mwaka ambao mtu hupigwa risasi mtoni kwa ajili ya gunia la kahawa. Mkristo kahatarisha shingo yake kuvusha dawa, na Mwislamu anaambiwa na sheikh wake asiichome mpaka jua lizame.

30 Agosti

Mvua. Loy, muuguzi wa wodi, anasema ndugu yangu anachomwa baada ya futari na kabla ya daku tu. Tangu alfajiri hadi magharibi hana kitu katika damu.

1 Septemba

Nilikwenda wodini adhuhuri kwa makusudi. Loy alikuja na trei yake. Zubairi aliuficha mkono chini ya blanketi, akamwambia kwa adabu kwamba dawa hiyo ampe mzee wa Merikit aliye kitanda cha pili, mwenye homa ya mapafu. Loy alinitazama. Mzee akachomwa, akashukuru kwa Kiteso na kwa Kiswahili.

“Keti, dada,” Zubairi akaniambia. “Umesimama kama askari wa kizuizi.”

Nilimweleza upya yote aliyoeleza daktari. Alisikiliza kwa heshima, kama alivyonisikiliza tangu utoto, yaani bila nia ya kufuata. Akasema daktari ni Mkristo, atajuaje mambo ya saumu.

“Na hao wadudu walio kwenye moyo wako,” nikamuuliza, “wao ni wa dini gani?”

Alicheka mpaka akashika kifua. “Hao si wenzetu, dada. Hao ndio wanakula mchana.”

Nilicheka pia, na hasira ikanipanda kwa sababu nilicheka. Aidah, mke wake, alikuwa pembeni akimpepea kwa upindo wa leso, kimya kama kawaida yake. Mwanamke asiye na neno wala la ndiyo wala la hapana. Nilimwambia hapo hapo kwamba mume akifa kwa kimya chake, kimya hicho nacho kitaulizwa.

Zubairi akaacha kucheka. “Usimseme Aidah. Sikia. Lori yangu wamechukua. Leseni wamechukua. Jino wamechukua. Tangu niko na miaka kumi sijala mchana wa Ramadhani hata siku moja. Hii hawawezi kuchukua, hawajui pa kuishikia. Sasa wewe unataka niwape?”

Nimesoma vitabu vingi vya watu walioshindana na madhalimu, na katika vyote sikukuta jibu la swali hilo. Nilimwambia tu kwamba hatawapa wao, atajipa mwenyewe. Akafumba macho.

4 Septemba

Homa imeshuka. Sheikh Badiru amenitumia salamu kupitia kwa muuza maziwa: mwenye saumu analindwa.

Jibu: homa imeshuka kwa sababu ya sindano za usiku. Nusu ya dawa imewaua nusu ya wadudu, na waliobaki ndio wakali. Daktari Oboth hakufurahia kushuka huko. Alisikiliza kifua tena, akasema kilango kinapuliza kwa nguvu kuliko juzi. Kwa habari hiyo hakuna salamu iliyokuja na muuza maziwa.

5 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Vumbi la kiwanda cha saruji juu ya mabati limekuwa uji.

8 Septemba

Nimekwenda nyumbani kwa Sheikh Badiru. Nilikwenda kupigana, na ninaandika nilichokikuta.

Alinipokea barazani, wake zake wakisikiliza nyuma ya pazia. Nilimwambia sikuja kwa mjadala wa chakula. Nimekuja kuomba neno moja. Aende wodini, asimame mbele ya Zubairi, aseme: umeruhusiwa. Mdogo wangu hatamsikia daktari wala dada, lakini sheikh wake atamsikia. Baada ya Idi aandike vitabu kumi vya kunipinga akitaka.

Alinijibu kwamba hivyo ndivyo alivyosomeshwa na mwalimu wake kule Kirewa, na mwalimu wake alisomeshwa hivyo hivyo. Nikamuuliza kama mwalimu wake aliwahi kuona chupa ya penisilini. Akasema hapana. Nikamuuliza basi alisemaje juu ya kitu asichokiona. Akavuta tasbihi. Kisha akashusha sauti, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya pazia na barabara.

“Mwalimu, wewe unajua nani anasali safu ya kwanza.”

Najua. Kapteni wa kambi, na vijana wake wa miwani ya giza. Siku ya pili ya Ramadhani walimcharaza viboko fundi cherehani mmoja barabara kuu kwa kunywa chai mchana. Fundi yule ana vidonda vya tumbo na mji mzima unajua. Utawala huu umeua watu wa kila dini, kisha unavaa kanzu Ijumaa na kutusahihishia saumu zetu.

“Nikimruhusu mmoja,” akasema, “kesho wodi nzima. Kesho kutwa ataniuliza ni nani ameruhusu watu kufungua. Mimi nina watoto, Mwalimu.”

Kwa hiyo anajua. Miaka yote nimebishana na Badiru nikimwona mjinga, na leo ningetoa kitu kikubwa awe mjinga kweli. Mjinga hufundishika. Huyu ameshajifunza, amepima, na katika mizani yake Kapteni amekuwa mzito kuliko ndugu yangu. Aliahidi kufikiria.

10 Septemba

Hakuja.

11 Septemba

Hakuja. Mtama uliovunwa mashambani unaota katika magunia kwa sababu ya mvua. Zubairi amesimulia wodi nzima jinsi alivyowahi kupitisha mbuzi wa harusi kizuizini kwa kuwavisha kanga. Hata Daktari Oboth alisimama kusikiliza. Mzee wa Merikit amepona, amekwenda nyumbani kwa miguu.

13 Septemba

Nitaandika yote.

Ilikuwa kati ya adhuhuri na alasiri. Loy alikuwa amepita na trei, ameambiwa hapana, amekwenda. Mimi na Aidah tulikuwa kila mmoja upande wake wa kitanda. Zubairi alikuwa ameketi, mgongo ukutani, tasbihi mkono wa kulia, akitueleza jinsi atakavyolitafuta lori lake hata kama limepakwa rangi ya jeshi, kwamba atalijua kwa mlio wa giaboksi. Alisema, “Hilo lori, dada, hilo lori…” kisha tasbihi ikaanguka.

Aliitazama. Aliuamuru mkono uiokote. Nilimwona akiuamuru, nikaona mkono usivyomsikia. Ulilala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Aliinua uso aniulize, na mdomo ukavutwa upande mmoja. Sauti ikatoka. Ilisema, “Lori.”

Nikamwita jina. Akasema, “Lori.” Aidah akamuuliza unaumwa wapi, akasema, “Lori, lori,” kwa sauti ya mtu anayejibu vizuri, anayedhani amesema sentensi nzima. Kisha akaona nyuso zetu, akajua. Hapo ndipo macho yake yalipoingiwa na hofu. Kipigo cha wanajeshi hakikuwahi kumtia hofu hiyo.

Daktari Oboth alikuja mbio. Alimkwaruza unyayo, akainua mkono ukaanguka, akainua mguu ukaanguka. Hakuhitaji kutuchorea. Kipande kimekatika kwenye kilango cha moyo, damu imekipandisha, kimeziba mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo, kule kunakotawala upande wa kulia wa mwili na maneno. Nikamuuliza kama maneno yatarudi. Akasema labda machache, iwapo hapatatoka kipande kingine. Nikamuuliza kinachozuia kipande kingine ni nini. Alinitazama kama mtu anayetukanwa.

“Ni dawa ile ile, Mwalimu. Mchana na usiku.”

Loy alirudi na trei. Alisimama na sindano mkononi, akitazama kwa zamu mgonjwa, mimi na Aidah. Jua lilikuwa dirishani, kali, baada ya mvua. Mimi mwenye maneno mengi nilikuwa nikilitazama jua hilo. Ni Aidah aliyeinuka akamshika mume wake mkono. Zubairi akaelewa. Aliinua mkono wa kushoto, uliobaki wake, akasukuma trei, akisema neno lake hilo moja, kwa kusihi. Aidah aliukamata mkono ule, akaukumbatia kifuani kwake kwa mikono miwili, akamwambia Loy, “Choma.”

Ndugu yangu alilia kama wanavyolia waliopooza, jicho moja tu.

14 Septemba

Mji tayari una maelezo. Wengine wanasema amepigwa na upepo. Wengine wanasema ni jini la njia kuu. Mtu mmoja wa kamati, tena aliyesoma, anasema Wakenya wametia sumu katika dawa ya Egesa. Namjibu huyo wa mwisho: mzee wa Merikit alichomwa chupa hizo hizo mchana kweupe, na sasa analima. Kama ni sumu, ni sumu inayowaua waliokataa tu.

Loy ameniambia jambo jingine. Wiki iliyopita Aidah alimwendea kwa siri, akamwomba amchome Zubairi mchana akiwa usingizini. Loy alijaribu. Zubairi akaamka, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamtamkia mke wake neno la talaka, kisha akalirudisha kabla halijakamilika. Aidah alinyamaza, na mimi nilikuwa nikimhutubia juu ya kimya.

16 Septemba

Anachomwa kila baada ya saa sita. Hakuna Ramadhani kwa asiyeweza kusema hapana. Lakini sanduku linakwisha.

Egesa alikuja kumwona. Alivua kofia, akakaa kitandani, akamshika mguu ule usiosikia. Zubairi akamwambia, “Lori.” Egesa akajibu, “Ndiyo, iko. Tutaipata,” kana kwamba wanaendelea na mazungumzo ya jana. Nje akaniambia anavuka tena. Nilimkumbusha kwamba doria mtoni zimeongezwa.

“Mwalimu, hata askari inakunywa chai. Huyu alibeba bibi yangu na lori usiku anazaa, barabara imejaa maji, hata pesa alikataa. Mimi naenda tu.”

Sikumzuia vya kutosha.

18 Septemba

Mvua. Egesa hajarudi.

19 Septemba

Egesa hajarudi.

20 Septemba

Maggie, mke wa Egesa, amefika kutoka Busia nyuma ya baisikeli, matope hadi magotini. Walimkamata juzi asubuhi upande wetu wa mto Sio, akiwa tayari amevuka. Watu waliokuwa wakifua waliona. Walimwaga kikapu, chupa zikakanyagwa, samaki wakachukuliwa. Walipomuuliza dawa ni ya nani alisema ni ya ng’ombe wake. Walimpiga, akarudia ni ya ng’ombe wake. Wakamtupa kwenye gari la jeshi, likashika barabara ya Tororo.

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Hakulia. Alimtazama Zubairi kwa muda mrefu, akaniuliza, “Huyu ndiye ng’ombe?” Nikasema ndiye. Akasema sawa.

Kisha akaniambia: “Wewe unaongea na wakubwa wa dini yako. Wao wanasali na huyo mkubwa wa kambi. Waulize tu bwana yangu iko wapi. Kama ni mwili, nipatie mwili.”

21 Septemba

Nimemwendea Sheikh Badiru. Nimeomba, nimetumia hata unyenyekevu, ambao sina mazoea nao. Amesema Kapteni ana hasira wakati wa saumu, tungoje baada ya Idi. Nikamwambia mtu hangojeshwi ndani ya kambi ile. Akasema, “Mwalimu, yule hata si mtu wetu.”

22 Septemba

Dawa imekwisha. Homa imerudi kabla ya magharibi.

23 Septemba

Zubairi amefariki leo adhuhuri. Kipande cha pili. Hakuamka. Aidah alikuwa naye.

Sheikh Badiru alikuja mwenyewe kumwosha, hakumtuma mtu. Kanzu yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Alipotoka aliniambia kwa sauti ndogo, “Ilinipasa nije siku ile uliponiomba.” Nilimwona amezeeka ghafla, na nusura nimhurumie. Nilidhani ni mwanzo wa kitu.

25 Septemba. Idi

Haukuwa mwanzo wa kitu. Ilikuwa hivi.

Tulisali uwanjani kwa sababu msikiti haukutosha, wanawake nyuma ya turubai. Kapteni safu ya kwanza, kanzu mpya. Sheikh Badiru alipanda mimbari, akahutubia juu ya subira, kisha akamtaja ndugu yangu kwa jina. Akawaambia vijana wamtazame Zubairi, dereva, mtu wa kawaida, aliyepewa dawa na makafiri akaikataa, aliyechagua saumu kuliko uhai, akafa na funga yake haijaguswa. Watu wakaitikia. Nilisikia mtu mzima akilia upande wa wanaume. Kapteni aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Aidah alisimama katikati ya khutba, akakunja mkeka wake, akaondoka. Sote nyuma ya turubai tulimwona. Mbele hakuna aliyegeuka.

Funga yake iliguswa. Iliguswa na Loy, kwa amri ya mke wake, mchana kweupe, siku baada ya siku, na siku hizo ndizo pekee tulizokuwa na tumaini. Hakufa kwa ajili ya saumu. Alikufa kwa sababu sauti moja, ambayo angeitii, haikumwambia umeruhusiwa. Sasa sauti hiyo imepanda mimbari na kumfanya tangazo. Ramadhani ijayo mgonjwa mwingine ataficha mkono chini ya blanketi na kusema: mimi ni kama Zubairi.

27 Septemba

Mvua imekatika. Nimenakili kurasa hizi kwa mkono, na nakala nitazipeleka kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo ukurasa huu wa mwisho si wangu tena.

Ni wenu, Sheikh Badiru, na ninyi wazee wa kamati mliosimama uani siku ile mkitikisa vichwa. Msinijie na tanga wala sukari. Ijumaa hii pandeni mimbari, mseme kwa sauti ile ile ya Idi kwamba sindano ya mgonjwa haivunji saumu, na kwamba mgonjwa haimlazimu saumu yenyewe. Semeni kwamba Zubairi aliambiwa vibaya, na mtaje aliyemwambia. Litoeni jina la ndugu yangu katika mafundisho yenu mpaka mtakapoweza kulisema na ukweli wake.

Kisha, siku hiyo hiyo, mkitoka kusali, kabla hamjavaa viatu, mgeukieni huyo mliyemweka safu ya kwanza. Mko wengi, yeye ni mmoja, na yuko nyumbani kwa Mungu bila bunduki yake. Mwulizeni: Egesa wa Busia, mchuuzi wa samaki, yuko wapi? Mkewe amekaa nje ya lango la kambi tangu jana. Mwulizeni mbele ya watu, na msitawanyike mpaka awajibu.